Sakafu Isiyopitisha Wembe

Sakafu ililipuka Jumatatu, saa saba mchana, wenye nyumba wakiwa mezani. Mlio ulikuwa mkubwa hata Mama Pacha akadondosha kijiko, na mumewe akaingia chini ya meza, jambo ambalo baadaye alilieleza kuwa ni kumwokotea mkewe kijiko.

Kimya kiliporudi walikwenda kufungua chumba cha wageni. Kazi hiyo ilihitaji funguo mbili na subira, kwa sababu chumba kile hakikuwa cha kuingiwa hovyo. Kwa miaka ishirini na miwili kilikuwa na sheria zake. Viatu vilivuliwa mlangoni. Pazia halikufunguliwa, jua lisije likapausha mbao. Makochi yalibaki na nailoni za dukani. Mgeni wa kawaida alikaribishwa jikoni, mgeni wa heshima alikaribishwa ukumbini, na chumba cha wageni kilikuwa kinamsubiri mgeni mkubwa zaidi ambaye mpaka siku ile alikuwa hajapatikana.

Mlango ulipofunguka, harufu ya uyoga iliwapokea. Katikati ya chumba sakafu ilikuwa imeinuka kimo cha kigoda, na zulia limelala juu yake kama blanketi mgongoni mwa ngamia.

"Kuna mtu humo," alisema Mama Pacha.

"Usiseme upuuzi."

"Basi alikuwamo, sasa anatoka."

Mumewe hakucheka. Sakafu ile aliiweka kwa mikono yake, ubao kwa ubao, ulimi wa huu ukiingia kwenye mfereji wa ule, jioni baada ya jioni, baada ya kutoka bohari alikokuwa karani. Alipomaliza aliwaita majirani, akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake, akauelekeza baina ya ubao wa mwisho na ukuta. "Pitisheni," aliwaambia. Haukupita. Tangu siku hiyo wembe ulikaa kwenye mfuko wa shati lake kama kalamu ya daktari, na yeye mwenyewe akaitwa Wembe. Alilipokea jina hilo kama nishani.

Kulikuwa na jina jingine lililozaliwa siku zilezile. Kabla hajaanza kazi alimwita seremala mmoja kijana, si kwa kutaka ushauri, bali kwa kutaka kuazima msumeno. Seremala alikitazama chumba, akasema, "Mzee, acha nafasi ya kidole ukutani pande zote. Mbao zinapumua." Wembe alimjibu kwamba nyumba yake ina pua za kutosha. Kisha akaenda kwa kinyozi akaisimulia habari hiyo, na akaendelea kuisimulia kila alipokwenda kunyoa. Fundi anayeacha nyufa makusudi! Watu walicheka, na yule seremala akaanza kuitwa Kidole. Hata watoto waliotumwa kuwachukulia mama zao viti vilivyokwisha kutengenezwa walimwita hivyo. Alilizoea jina hilo kama mtu anavyozoea upara.

*

Ingekuwa mwaka mwingine, Wembe angefunga mlango kwa funguo zake mbili na kumwachia ngamia chumba. Lakini mwaka huu mgeni mkubwa alikuwa amepatikana.

Mama yake Mama Pacha, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa hospitali. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika ukoo huu wasiosikia walikuwa wengi, ila aliyevunjika nyonga ni mkuu mwenyewe. Alikuwa ameomba kwa mwezi mzima abadilishiwe taa ya jikoni kwake, akachoka kuomba, akapanda kigoda. Sasa alikuwa anafundishwa kutembea na chuma cha miguu minne, na daktari alisema atatoka baada ya wiki tatu, kwa sharti aende kwenye nyumba isiyo na ngazi na yenye sakafu iliyonyooka.

Watoto wake walikuwa wawili. Kaka yake Mama Pacha alikaa ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa bila kuzikwa. Alipiga simu jioni ile ile.

"Dada, nasikia kwenu kumelipuka."

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia tu. Mama nitamchukua mimi. Nina vigae vinang'aa, na vijana wa mtaani watanisaidia kumpandisha."

"Na kumshusha?"

"Atashuka kwa nini?"

Mama Pacha alikata simu, akamwendea mumewe. "Baba Pacha, mama akipandishwa kule, atashuka siku moja tu, na siku hiyo hatashuka kwa miguu. Nataka chumba. Sina neno jingine."

"Utakipata," alisema Wembe. "Sakafu nitaitengeneza mwenyewe."

"Hilo ndilo nililokuwa naliogopa."

*

Wiki ya kwanza Wembe alipigana na sakafu. Hoja yake ilikuwa rahisi: kilichopanda kitashuka kikilemewa. Alipanga juu ya nundu mifuko miwili ya saruji, kichwa cha cherehani ya mkewe, na sanduku la vitabu vyake. Nundu ilitikisika, haikushuka. Ndipo akamwita jirani yake muuza nyama, aliyeitwa Tani kwa sababu ambazo zilitangulia mbele yake kila alipoingia mlangoni.

"Vua viatu," Wembe alimwambia.

"Nimeitwa kukalia sakafu, halafu niichunge isichafuke?"

Hata hivyo alivua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia chumba kile katika ujirani wa miaka kumi na tisa, na alipitisha macho kila pembe ili akasimulie. Kisha akakaa juu ya nundu na gazeti lake. Mbao zililia, zikashuka polepole kama mkate uliofunguliwa oveni mapema. Wembe alipiga makofi. Makofi hayajaisha, palisikika mlio upande wa pili, na kando ya kabati la vyombo ikachomoza nundu mpya, changa, yenye afya.

"Imenihama," alisema Tani.

"Hamia huku basi."

"Nikihamia huku itarudi huko. Mimi ni mmoja, jirani. Ukitaka wawili umwite na shemeji yangu, lakini huyo anakula."

Wembe alijaribu misumari. Kila msumari aliougongomea jioni aliukuta asubuhi umenyanyua kichwa unamtazama. Jumamosi Mama Pacha aliingia na kikombe cha chai, akamkuta amekaa sakafuni baina ya nundu mbili.

"Zimebaki wiki mbili," alimwambia. "Mwite Kidole."

"Simwiti."

"Basi nitamwita mimi, na nitamwambia wewe unajificha chini ya meza."

*

Karakana ya Kidole ilitazamana na kinyozi. Wembe alikuwa amesahau jambo hilo mpaka alipovuka barabara na kuona kioo chote cha kinyozi kimejaa nyuso. Kinyozi mwenyewe alitoka mlangoni na mashine mkononi, na nyuma yake mteja mwenye povu nusu shavu. Tani alikuwa amekwisha pita hapo.

Kidole alikuwa anapiga randa mguu wa kitanda. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi masikioni, na kwenye mkono wake wa kulia kidole cha shahada kilikosa ukucha, msumeno uliuchukua zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo, fundi?"

Neno hilo lilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mtu mmoja kwa kinyozi alikohoa.

"Sijambo. Nimesikia una mfugo."

"Sakafu ina hitilafu ndogo," alisema Wembe. "Kwa mtu wa kazi yako ni saa moja, mbili."

"Wembe unapita?"

Wembe aliangalia vumbi la mbao kwenye viatu vyake. Angeweza kusema mengi. Alifikiria ghorofa ya nne, na mkewe aliyekuwa halali vizuri. "Sasa hivi," alisema, "panapita sahani."

Ng'ambo ya barabara vicheko vililipuka kama sakafu. Kidole hakucheka. Aliweka randa chini, akajipangusa mikono, akachukua nyundo na mtaimbo. "Twende tukaone," alisema. Wakiwa njiani Wembe alimshukuru moyoni kwa kule kutocheka, na wakati huohuo akamchukia kwa hilohilo.

*

Ilimchukua Kidole asubuhi moja kuing'oa kazi ya miezi mitatu. Chini ya mbao saruji ilikuwa nyeusi kwa maji, nusu ya chumba, upande wa ukuta wa jikoni. Alitoboa ukuta kidogo, akaingiza mkono, akautoa na mpira wa ndani wa baiskeli uliokuwa umezungushwa kwenye bomba, uliooza, unaochuruzika.

"Bomba hili nani alilifunga?"

Mama Pacha aliangalia dari. Wembe alijikuna sikio. "Lilikuwa ni la muda," alisema.

"Tangu lini?"

"Baiskeli yenyewe alishaiuza," alisema Mama Pacha. "Mimi nilisema nasikia harufu. Akaniambia ni harufu ya mbao za thamani."

"Maji peke yake yasingeifanya hivi," alisema Kidole, naye alisema taratibu kama anayemweleza mgonjwa. "Mbao zikinywa zinanenepa. Zingepata nafasi ukutani zingesogea kidogo, ukaliona tatizo mapema, tukabadili tano, sita. Hizi hazikuwa na pa kwenda ila juu." Kisha akafanya hisani kubwa: hakuinua kidole.

Alilibadili bomba siku hiyohiyo. Halafu akatoa habari mbaya. Saruji lazima ikauke kwanza. Alikata vipande viwili vya nailoni vyenye ukubwa wa sinia, akakibandika kimoja sakafuni kando ya dirisha na kingine kando ya ukuta wa jikoni, akavizungushia selotepu pande zote. "Kila asubuhi mtazame," alisema. "Nailoni ikitoa jasho kwa ndani, saruji bado ina maji. Isipotoa, niiteni. Kuweka mbao ni siku moja tu."

Kwa hiyo chumba kilichofungwa miaka ishirini na miwili kilifunguliwa madirisha. Makochi yalitolewa uani. Wapita njia walichungulia, wengine wakasalimia. Jioni Mama Pacha aliburura kochi kubwa kivulini, akachana nailoni yake kwa kisu cha jikoni, akakaa. Wembe alisimama mlangoni mdomo wazi.

"Ni laini," mkewe alimwambia. "Kumbe ni laini hivi! Ulikuwa unajua?"

Hakuwa anajua.

*

Nailoni ya dirishani ilikauka Jumatano ya wiki ya mwisho. Ya jikoni iliendelea kutoka jasho kama mpishi. Wembe aliisimamia kutwa. Aliipepea, aliiletea feni, aliiazima feni ya Tani. Alhamisi jioni shemeji yake, kaka wa Mama Pacha, alipiga simu kusema amekwisha pata vijana wanne na kiti imara, na kwamba keshokutwa saa nne atakuwa hospitali.

"Njoo na mama hapa," alisema Wembe. "Chumba kitakuwa tayari."

"Shemeji, acha ubishi. Utamlaza mama wapi, juu ya ngamia?"

Ijumaa Wembe aliamka wa kwanza. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Alipiga magoti kando ya ukuta wa jikoni. Ndani ya nailoni matone yalikuwa yamejipanga, madogo, safi, hayana haraka. Alihesabu saa zilizobaki. Aliangalia nyuma yake. Kisha akabandua selotepu upande mmoja, akatoa leso, akayafuta matone yote, akabandika tena na kuipigapiga selotepu kwa kiganja. Alipoinuka magoti yalilia, na aliona kama chumba kizima kimemsikia.

Kidole aliitwa, akafika saa mbili na mkokoteni wa mbao. Aliinama juu ya nailoni muda mrefu.

"Imekauka," alisema. "Sikutegemea. Lakini nailoni haisemi uongo."

Wembe alisema kwamba hewa ya usiku ilikuwa nzuri.

Fundi alianza kazi. Aliweka pimamaji sakafuni, akaangalia kipovu chake, akakihamisha huku na huku. Akachukua ubao wa kwanza, akausogeza ukutani, na baina ya ubao na ukuta akaingiza kile kidole chake kisicho na ukucha ili kupima nafasi. Alikiweka pale bila kumtazama mtu, kama alivyokuwa amekiweka katika nyumba nyingine mia ambazo hazikulipuka. Alikuwa anafanya kazi kwa uaminifu juu ya uongo wa mtu mwingine. Na juu ya ubao huohuo, utakapokuwa umeinuka tena baada ya mwezi au miwili, angesimama bibi mmoja na chuma cha miguu minne.

"Fundi," alisema Wembe. "Ngoja."

"Nini tena, mzee?"

Wembe aliingiza mkono mfukoni. Kwanza ulitoka wembe, akaurudisha. Kisha ikatoka leso. Ilikuwa bado imelowa.

"Nailoni haikusema uongo," alisema. "Niliipangusa jasho."

Kidole aliiangalia leso, akaiangalia nailoni, akakaa chini kabisa. Mlangoni Mama Pacha alikuwa amesimama na sinia la chai. Hakuna ajuaye alikuwapo tangu lini.

"Baba Pacha," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Ungemsimamisha mama yangu juu ya leso yako?"

Mtu aliyekuwa na jibu la kila fundi, kila jirani na kila kinyozi, alisimama na leso mkononi kama mtoto aliyekojoa darasani.

"Nisamehe," alisema hatimaye. Halafu akamgeukia Kidole. "Na wewe pia. Hili la leo, na lile la zamani."

"Miaka ishirini na miwili nimelisubiri neno hilo," alisema Kidole, "na unalitoa siku nina kazi." Alisimama, akaunyanyua ule ubao na kuuegemeza ukutani. "Mbao haziwekwi leo. Si mwezi huu."

"Basi mama anapanda ghorofani," alisema Wembe.

Mama Pacha aliweka sinia ukingoni mwa dirisha, akaingia katikati ya chumba kitupu, na viatu vyake miguuni, akatembea hatua kadhaa kwenda na kurudi.

"Daktari alisema sakafu iliyonyooka," alisema. "Alitaja mbao?"

"Mama mkwe wangu!" alisema Wembe. "Juu ya saruji tupu!"

"Yeye ana nyonga, wewe una aibu. Chagua tunachokihudumia."

Kidole alikwisha rudi kwenye pimamaji yake. Aliilaza dirishani, katikati, mlangoni. Kipovu kilikaa katikati kila mahali kama kimegongomewa. "Upande wa dirisha ni mkavu, kitanda kitakaa hapa," alisema. "Huku kwenye jasho tutazuia kwa kabati." Kisha akainua uso. "Saruji hii nani aliisawazisha?"

"Mimi," alisema Wembe, akijiandaa.

"Ni kazi safi. Mafundi wengi hawawezi hivi."

Wembe alifungua mdomo ajisifu, kwa mazoea, akakuta hamna kitu. Alikuwa ameificha kazi yake bora chini ya kazi yake mbaya, na kwa miaka yote alikuwa anasifia isiyostahili. Alichukua ufagio.

*

Jumamosi saa sita gari lilisimama nje. Shemeji alishuka wa kwanza, na uso wa mtu aliyekuja kuthibitisha kwamba chumba hakipo, ampeleke mama kwake. Vijana wake wanne walimteremsha bibi pole pole, wakamsimamisha kwenye chuma chake. Alikuwa amekonda hospitali, isipokuwa ulimi.

Alifika kwenye mlango wa chumba cha wageni, akasimama, akaanza kuhangaika kuvua kiatu.

"Ingia navyo, mama," alisema Wembe.

Bibi alimtazama. "Mkwe wangu, unaumwa?"

"Siumwi."

"Ziko wapi mbao zako?"

"Niliziharibu. Bomba nililifunga vibaya, na mbao nilizibana mno. Fundi aliniambia, nikamcheka." Alivuta pumzi. "Zitawekwa tena saruji ikikauka. Kwa sasa ni hivi."

"Mama," alidakia shemeji, "kwangu kuna vigae vinang'aa."

"Vya nini? Nijione vizuri ninapoanguka?"

Aliingia. Miguu minne ya chuma iligonga saruji, tak, tak, na haikuteleza. Mama Pacha alimfuata nyuma, mikono imetandazwa, bila kumgusa. Hatua kumi na mbili mpaka dirishani. Pale bibi alitulia, akashika kingo, akatazama nje: barabara, mtu na mkokoteni, Tani mlangoni pa bucha lake akijifanya hachungulii.

"Nimewahi kuchungulia chumba hiki mara mbili," alisema. "Sikujua kina dirisha." Halafu, bila kugeuka, akamwambia mwanawe: "Mizigo yangu usiirudishe garini. Iweke hapo kitandani, ukawape wale vijana wako soda."

*

Ilipita mwezi na wiki moja. Nailoni ya jikoni ilikuwa chini ya mamlaka ya bibi, ambaye kila asubuhi aliikagua kutoka kwenye kochi lisilo na nailoni na kutangaza, "Bado!" kwa sauti iliyovuka barabara. Siku aliyosema, "Imekauka," Wembe alikwenda mwenyewe karakana, akapita kwanza kwa kinyozi na kuwasimulia habari yote tangu mwanzo, pamoja na leso, kabla ya Tani kuwahi.

Kidole alipolaza ubao wa kwanza, Wembe alipiga magoti kando yake, akaingiza kidole chake baina ya ubao na ukuta.

"Tumia changu," alisema. "Kinatosha?"

"Kinene kidogo."

"Acha kiwe kinene."

Kidole aliinua nyundo, akasita, akasubiri mkono uondoke. Wembe alikuwa bado anakiangalia kidole chake palepale ukutani, kwa namna ambayo zamani alikuwa anauangalia wembe.

"Gonga tu, fundi," alisema bibi kutoka kwenye kochi. "Asipokitoa, ndipo atakumbuka vizuri."